Leseni kwa Jina Langu

Mjukuu wangu wa kike ana kiduka cha kuchapa na kutoa nakala pale Kilindoni, kwetu Mafia. Juzi alinijia uso umemwiva. Wenye zile programu za kompyuta zake wamembadilishia masharti. Zamani, anasema, ulikuwa unanunua mara moja, unaitumia mpaka unaichoka. Sasa wanataka ulipe kila mwaka, na tena kwa kila mtu anayeigusa. Hajui apunguze wafanyakazi, apandishe bei, au afunge kabisa. Akaniambia, bibi, nyinyi hamkuyaona mambo haya. Nikamwangalia. Hatukuyaona sisi! Mimi leseni ya mashine ilinivua ndoa mchana kweupe, mbele ya kadamnasi, na aliyenivua ni mtu wa damu yangu. Nikamwambia avute kigoda akae.

Miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha mbata, nazi kavu. Si karani wa kalamu, karani wa mashine. Ilikuwa chuma kizito, rangi ya kijivu, ina vitufe vya tarakimu mbele na mkono ubavuni. Unabonyeza, unavuta mkono, inakoroma, inatema utepe wa karatasi wenye hesabu ya mtu. Mkulima analeta mbata zake, zinapimwa, mimi napiga, nachana utepe nampa. Asiyejua kusoma naye aliupokea, akaukunja vizuri, akaufunga kwenye pindo la shuka yake.

Utepe ule ulikuwa na heshima yake, na ilikuwa na sababu. Kabla yake walikuwapo makarani wa kalamu, na kila msimu ni ugomvi. Mtu ametoka Bweni, kaskazini mwa kisiwa, na magunia yake juu ya lori, njia ile mbovu imemvunja mgongo, anafika anaambiwa hesabu yake ndogo kuliko alivyopima mwenyewe kwao. Watu walishikana mashati pale. Mashine ilipokuja ugomvi ukaisha, wazee wakaibatiza jina, karani asiyekula. Wakubwa kutoka bara wakija kutembelea kisiwa, kwanza huletwa kwetu waione, na mimi navaa kanga mpya navuta mkono wanapiga makofi.

Mwenyekiti wa chama alikuwa ami yangu, ndugu wa baba kwa baba na mama. Baba alishafariki, na ami ndiye aliyenilea, sitamdhulumu katika hilo. Kampuni yenye mashine ilikuwa Dar es Salaam, na ilitaka mtu mmoja apelekwe kusomeshwa, kisha jina lake liandikwe kwenye leseni. Mwingine haruhusiwi hata kuipangusa vumbi. Vijana wa kiume waliomaliza darasa la nane pamoja nami walikuwa wameshavuka bara kutafuta kazi, basi ami akanipeleka mimi. Watu wakasema, mwanamke? Akawajibu kwamba mwanamume ukimsomesha kesho yuko Tanga, huyu atakwenda wapi.

Sasa sikiliza kosa letu lilipoanzia, maana ni kosa la Mafia hasa, sidhani kama kuna mahali pengine lingewezekana. Kampuni ilipotuletea mashine ilitaka kwanza fedha za dhamana. Wazee wakachanga, wakatoa. Na kwetu kisiwani kila mtu anajua rahani ya mnazi. Mwenye minazi akishikika anakuja kwako, unampa fedha, yeye anakupa minazi yake uangue. Utaangua mwaka huu, utaangua mwaka ujao, utaangua mpaka mvi zikutoke, na hakuna anayekudai kitu, kwa sababu fedha zako yeye anazo. Siku akikurudishia, unamrudishia minazi yake. Basi wazee wakaona ni lile lile. Fedha zetu ziko kwao, mashine yao iko kwetu. Wakiihitaji watarudisha fedha. Wallahi hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kuna siku tutadaiwa. Mweka hazina alikuwa akisema kampuni ile ina shida sana, maskini, ndiyo maana imeweka rahani mashine nzuri namna hii.

Miaka ikapita, tunaangua.

Siku moja akashuka kwenye ile ndege ndogo bwana wa kampuni. Kijana wa kwetu huku huku Tanzania, mtu wa bara, shati jeupe na tai nyembamba, mpole. Akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, akapewa dafu. Kisha akaeleza kwamba masharti yamebadilika. Ile dhamana ilikuwa ya tahadhari tu, mashine isije ikavunjika. Kuanzia msimu ujao chama kitalipa leseni kila mwaka, na leseni ni ya jina moja. Ukibadili jina, unalipa upya na unasomesha upya.

Ungewaona wazee. Mweka hazina alibaki na dafu mdomoni halimshuki wala halirudi. Alipopata sauti akasema kama ni hivyo basi warudishe fedha zetu na wachukue mashine yao, mambo yaishe. Yule kijana akacheka, akidhani mzee anamtania. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akashika tai yake, akaanza kueleza tena polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo wazee walivyozidi kuduwaa. Katibu akamuuliza, sasa mmetukopa sisi au mmetukodisha?

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mashine, tayari kumwonyesha kazi. Nikamsikia anasema limebaki sharti moja. Alilisema akiangalia ukuta. Kampuni imepata hasara kwa mabinti. Wanasomeshwa, wanaolewa, waume wanawaweka ndani, kazi inalala. Na tena wakiolewa majina yao hubadilika, karatasi zinaharibika. Kwa hiyo kuanzia sasa mwanamke mwenye leseni akiolewa, anahesabiwa ameacha kazi. Leseni inakufa siku hiyo hiyo.

Nilihisi masikio yanawaka. Kwanza sisi huku mwanamke habadilishi jina. Mimi ni binti wa baba yangu mpaka naingia kaburini, niolewe mara moja niolewe mara saba. Nani amewaambia habari za kubadilisha majina? Pili, na hapa ndipo moyo uliponiruka, mimi nilikuwa nimeshaposwa. Mchumba wangu alikuwa wa Chole, kisiwa cha jirani, fundi seremala wa milango na madawati, mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Mahari imekubaliwa, mama ameshaanza kununua vyombo kimoja kimoja, harusi inangoja Ramadhani iishe. Ami analijua, mweka hazina analijua, katibu analijua. Wote watatu waligeuka wakaniangalia kwa pamoja.

Wiki nzima walifungiana ofisini wakipanga. Katibu alisema aandikwe mwanamume, wakapiga hesabu ya jina jipya na masomo mapya, wakaona haiwezekani, kwa maana leseni ya mwaka peke yake ilikuwa itafune karibu yote waliyonayo. Mweka hazina akasema mashine irudi kwao na laana juu yake. Ami akakataa katakata. Alisema siku wakulima watakaporudishiwa kalamu watarudisha na ngumi. Hapo alikuwa mkweli. Lakini alikuwa pia anawaza wakubwa wa bara na makofi yao, namjua.

Ijumaa ile baada ya sala wakaja kwetu. Wote watatu, kanzu safi, kofia za viua za kushonwa kwa mkono, wamebeba sukari na kahawa. Mama alipowaona mlangoni alifurahi kweli, akadhani wamekuja kupanga shughuli. Akawatandikia mkeka mpya. Akawauliza habari za Chole, kama wamekubaliana siku. Kumbe washenga wetu walikuja kuposa kinyume. Ami alikohoa, akazungukazunguka, akaeleza habari za chama na maendeleo na kujitolea, kwamba wakati huu wa kujenga taifa kila mtu anatoa alicho nacho. Sisi tunatoa nini? mama akauliza. Ndipo akasema. Wanaomba nisiolewe.

Mama akauliza mpaka lini, na ami akasema mpaka chama kitakapojiweza.

"Shemeji," mama akasema, "chama kina umri gani na mwanangu ana umri gani?"

Mimi nilitoka chumbani, na adabu zangu zote nikaziacha huko huko. Nikawaambia nimewahi kusikia mwari kafungwa kwa uchawi, sijawahi kusikia kafungwa kwa chama cha ushirika. Nikawaambia waiposee mashine mume nayo, ikishaolewa itatulia. Katibu aliangalia vidole vya miguu yake. Ami hakunikemea, na hilo lilinitisha kuliko angenikemea.

Chole wakapelekewa habari, na Chole wakachukia. Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa, anataka kumwona mwanawe ameoa kabla hajafumba macho. Wakasema kama hamtaki, semeni, wanawake hawajaisha. Mchumba wangu mwenyewe alinitumia salamu kwamba yeye atangoja, lakini salamu ile ilikuwa fupi, na mimi nililia mpaka macho yakafura. Ndipo ami akarudi na rai yake. Tufunge nikaha bila harusi. Nikaha ni sheikh, walii, mashahidi wawili na mahari, imetimia mbele ya Mungu. Ngoma na hina na pilau ni mbwembwe tu. Kampuni haina macho Mafia. Bila ngoma itajuaje? Msimu mmoja tu, leseni ikishalipwa na chama kikipumua, tutafanya harusi ya kufa mtu.

"Na watu watajuaje kwamba kaolewa?" mama akauliza.

"Sisi tunajua," ami akasema. "Sisi si watu? Siku ikibidi kusema, nitasema mimi."

Tukakubali. Unashangaa? Tungefanyaje? Alikuwa walii wangu, bila yeye hakuna nikaha, na neno lake lilikuwa neno. Ikafungwa baada ya alasiri, chumbani kwetu, dirisha limerudishwa. Sheikh, mume wangu na mzee mmoja wa kwao, ami, na mashahidi wawili, mweka hazina na katibu, wote wameahidi kufunga midomo mpaka ami aseme. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia na kanga ya kila siku, mkononi sina hata alama ya hina. Ami alipomaliza kutamka kwamba ananioza, mama mkubwa wangu alifungua kinywa kupiga kigelegele kama alivyozoea maisha yake yote, na mama akamrukia akamziba kwa kiganja. Nilisikia tu sauti ndogo imekatika katikati. Baadaye mama alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo, akatoka macho mekundu akasema ni moshi.

Siwezi kusema sikuwa na furaha. Mume wangu alikuwa akija kwetu kwa mlango wa uani, anapika chai mwenyewe, ananikarabatia kitanda ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Asubuhi naingia kazini, nampigia mkulima hesabu yake, nacheka peke yangu. Leseni ikalipwa kwa jina langu, binti wa marehemu fulani, hajaolewa. Kisha mume wangu akachukuliwa na kikundi cha mafundi kwenda Rufiji, kujenga shule katika vijiji vipya vya Ujamaa vilivyokuwa vikianzishwa huko. Ilikuwa kazi ya heshima, asingeweza kukataa. Alipoondoka mimi nilikuwa ninatapika kila alfajiri, na hakuna kati yetu aliyejua kwa nini.

Mficha uchi hazai, wahenga hawakukosea. Tumbo lilianza kuonekana katikati ya msimu wa mbata, uwanja umejaa watu. Nyuma ya ofisi wanawake walikuwa wakikaa chini kutwa, wanachokoa mbata kwenye vifuu, na wanawake wale kwa ndimi, Mungu awarehemu, kisu chao cha kazi kilikuwa butu kuliko ndimi zao. Kwanza walinyamaza nikipita. Kisha wakaanza kuimba. Kwetu mtu hakutukani, anakuimbia, na wewe ukikasirika umekubali kwamba wimbo ni wako. Wakaimba habari za kuku aliyetaga kwa jirani. Wakaimba habari za mlango wa uani. Mmoja wao, jirani yetu hasa, mwanamke mnene mcheshi aliyewahi kuninyonyesha mama alipougua, alikuwa akianzisha yeye na wengine wanaitikia.

Nilivumilia kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mama sikuweza. Palikuwa na harusi mtaani, na mama alikwenda kama desturi, na bakuli lake la hina, maana mkono wake ulijulikana kwa hina kisiwa kizima. Wakamwambia kwa upole akae kando leo. Bibi harusi asishikwe na mkono wa nyumba ile, wasije wakamwambukiza bahati yao. Mama alirudi na bakuli limejaa vile vile. Aliliweka chini mlangoni, akaingia ndani. Mimi sijapata kuona kitu kama kile, mwanamke anayerudishwa na hina yake.

Nikaenda kwa ami. Nikamwambia siku imefika, sema. Akanisihi. Msimu unaisha, bwana wa kampuni atakuja kukagua, akishakwenda zake atanitangaza msikitini kwa sauti yake mwenyewe. Subiri kidogo, mwanangu. Aliniita mwanangu, na nikasubiri.

Bwana wa kampuni akaja kabla ya kutazamiwa. Ilikuwa karibu adhuhuri, foleni ya wakulima imefika nje, mimi navuta mkono wa mashine huku tumbo linagusa meza. Ndege tuliisikia, tukadhani imeleta watu wa wilayani. Mara mlango ukafunguka na tai ile ile nyembamba ikaingia, na nyuma yake ami, mweka hazina na katibu, wanakimbizana naye kwa tabasamu. Wanawake wa mbata wakasimama dirishani, kila mmoja na kisu chake mkononi. Hakuna aliyetaka kukosa.

Kijana wa watu alisalimia, akaikagua mashine, akaisifu kwamba imetunzwa. Kisha macho yake yakashuka. Alishikwa na haya kuliko mimi. Akauliza polepole, karibu kwa kuomba radhi.

"Dada, umeolewa?"

Nilijua si mimi wa kujibu. Nikamgeukia ami, kwa sababu siku yenyewe ndiyo hii, na nilimtazama kwa matumaini yote, nakwambia, kama nilivyokuwa nikimtazama nilipokuwa mdogo akirudi sokoni.

"Hajaolewa," ami akasema.

Kijana aliinamisha kichwa, akaguna kidogo. Ningeliona tamko lile limemtoka kwa hofu, ningelisamehe labda. Lakini akaongeza. Alicheka kicheko cha mtu mzima anayemwombea radhi mtoto mtundu, akasema:

"Ndiyo vijana wetu wa leo, bwana. Tumfanye nini?"

Loo. Nilishika meza. Nilisikia dirishani mtu amefyonya. Nikamwangalia mweka hazina, aliyekaa mkekani kwetu na kanzu yake, akasikia kwa masikio yake nikaha ikitamkwa. Alikuwa anahesabu mbao za sakafu. Nikamwangalia katibu, alikuwa amegeukia ukuta. Mashahidi wangu hao. Mtoto akanipiga teke tumboni, nikasahau mashine, nikasahau wakulima, nikasahau kwamba mwanamke hapaazi sauti mbele ya wazee wake.

"Ami," nikasema, "rudia, lakini safari hii useme na jina la mtu uliyemwoza."

Ami akaishika kofia yake. Nikamgeukia mweka hazina, nikamuuliza siku ile alikuja kwetu kunywa kahawa au kushuhudia. Mzee yule alianza kulia, machozi matupu, hana sauti. Nikamwambia bwana wa kampuni kwamba mimi ni mke wa mtu. Nimeolewa kwa sheikh na kwa mahari, mume wangu ni fundi, yuko Rufiji anajenga shule, na walii aliyenioza ni huyu hapa anayecheka, na mashahidi wangu ni hawa hapa wasio na shingo. Nikamwambia ajaze anavyotaka kujaza. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magunia.

Kijana aliwatazama wazee mmoja mmoja, akaona kwenye nyuso zao kwamba ni kweli. Sidhani kama alifurahia. Alisema dada samahani, hii si amri yangu. Kisha akachukua kava ya turubai niliyokuwa nikiifunika nayo usiku, akaivisha mashine taratibu, akafunga kamba zake. Foleni ikalipuka. Mzee wa mbele, ambaye mbata zake zilikuwa zimepimwa lakini utepe wake haujatoka, alinyoosha mkono juu ya meza akaushikilia mkono wa mashine, hataki ifungwe. Wengine walikuwa wanaulizana nje kumetokea nini.

Nilipompita ami aliniambia kwa sauti ya chini, "Umetuua." Hakusema mwanangu safari hii. Mpaka anaingia kaburini miaka mingi baadaye hatukuwahi kulizungumza, ingawa tulisalimiana kila Idi na mimi nikamwamkia shikamoo kama inavyopasa.

Nilitoka nje jua limesimama. Mama alikuwa pale kizingitini, ameniletea chakula cha mchana kama kila siku, chungu cha uji wa kunde kichwani. Alikuwa amefika zamani. Alikuwa amesikia yote, la ami na langu. Wanawake wa mbata walikuwa wamempisha, wamesimama mbali naye kidogo, hawajui waweke wapi mikono yao.

Mama alitua chungu. Akavua kanga aliyojitanda, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume wa kisiwa kizima, yeye ambaye hata kaka zake hawakuwahi kuziona nywele zake tangu aolewe. Akaitandika chini mbele yangu, juu ya vumbi na vifuu, kama wanavyotandikiwa maharusi.

"Pita, bibi harusi," akasema.

Niliona yule jirani yetu, mwanzishaji wa nyimbo, anaangusha kisu. Akavua kanga yake naye, akaitandika mbele ya ile ya mama, akapiga kigelegele, na uso wake umelowa. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka kanga zikafika barabarani. Nikapita juu yake miguu mitupu, mkono mmoja tumboni, ninalia kwa hasira, na nyuma yangu yule mzee bado anauliza nani sasa atampigia hesabu yake.